Mama mkwe anaitoa siagi kwenye friji kila siku anaiweka kabatini. Ni salama kweli?

#1 MkeWaFundi
Habari za jioni wakuu. Niende moja kwa moja.

Mama mkwe yupo kwangu wiki ya tatu sasa, katokea Machame. Tunaishi vizuri, sina neno naye, isipokuwa siagi. Nikiiweka kwenye friji, nikirudi kazini naikuta kabatini, kwenye bakuli, imefunikwa sahani. Hasemi kitu. Na mimi sisemi kitu. Naichukua naipeleka friji, asubuhi imesharudi kabatini. Juzi nikajikaza nikamuuliza. Akanijibu, "Mwanangu, siagi ikikaa kwenye baridi inakuwa jiwe, mtoto anachana mkate." Akaongeza kwamba yeye kalea watoto saba kwa siagi ya kabatini na hakuna aliyewahi kuharisha.

Mimi niko Tabata, joto la hapa mnalijua. Nina mtoto wa miaka miwili na nusu. Naomba kujua tu, siagi ikikaa nje siku nne tano ina madhara, au natafuta ugomvi bure?

#2 kibatari
Nimevuta kigoda. Mada za mama mkwe sikosi.

#3 Mnyalukolo
Kwanza tuelewane, unaongelea siagi au blubendi? Maana wengi wetu tukisema siagi tunamaanisha majarini. Kama ni majarini mbona hilo halina mjadala, dukani kwa Mangi inakaa rafu moja na sabuni na kiberiti, na tunakula.

#4 Wa_Kayole
Mnyalukolo amesema ukweli. Hapa Kenya Blue Band nimeiona kwa rafu tangu nikiwa mtoto, enzi za mkebe, na sijawahi ona mwenye duka akiiweka kwa friji. Ile ni mafuta ya mimea, ng'ombe hahusiki kabisa. Dada asome pakiti kwanza.

#5 MkeWaFundi
Ni siagi yenyewe, ya maziwa, ile ya kufungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Mume wangu hali majarini, anasema ina harufu ya rangi.

#6 kibatari
Mume hali majarini, mama yake haweki friji. Dada umeolewa kwenye ukoo wenye misimamo.

#7 Maabara2
Nimefanya kazi maabara ya kiwanda cha maziwa, kwa hiyo niongee kidogo.

Siagi watu wanaichukulia kama maziwa yaliyoganda, ndiyo maana wanaiogopa. Kwa viwango, siagi inatakiwa iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 80 na maji yasiyozidi 16. Kilichobaki ni masalia ya maziwa, pamoja na chumvi kama imewekwa. Sasa hayo maji hayajakaa pamoja kama dimbwi. Yametawanyika ndani ya mafuta kwa vitone vidogo sana ambavyo jicho halivioni. Bakteria akinaswa ndani ya kitone kimoja, chakula kinamwishia humo humo na hana njia ya kuvuka kwenda kitone cha jirani.

Halafu chumvi haiingii kwenye mafuta, inakaa kwenye maji peke yake. Piga hesabu: gramu 100 za siagi zenye gramu 2 za chumvi zina maji gramu 16. Hayo maji yanakuwa na chumvi asilimia 11. Bahari yenyewe ina tatu na nusu. Nani ataishi humo?

Kwa hiyo siagi ya chumvi, iliyotokana na maziwa yaliyochemshwa kiwandani, ikifunikwa, siku mbili tatu nje haina shida. Ladha itaanza kuharibika kabla haijaanza kukudhuru.

#8 NesiWaZamu
Maabara2 "nani ataishi humo?" Stafilokokasi anaishi humo. Huyo bakteria wa puani na kwenye vidonda vya mikono, chumvi ya asilimia 11 haimtishi. Na akishatoa sumu yake, hata ukipika haitoki, joto la kawaida la jikoni haliiharibu. Marekani huko nyuma watu waliugua kwa siagi ya kupigwa hewa kwa sababu yake.

Na mjue siagi ilishaua watu Ulaya. Ufini, mwaka 1998 mpaka 1999, watu 25 waliugua kwa bakteria aitwaye listeria na 6 wakafa, chanzo kilikuwa siagi ya kiwandani, ya maziwa yaliyochemshwa. Kwa mtoto wa miaka miwili na nusu mimi sipigi hesabu za bahari. Friji.

#9 kibatari
Nilikuja kucheka mama mkwe, nimekuta Ufini.

#10 Maabara2
Nesi hiyo ya Ufini ni kweli, ila umeiacha nusu. Ile siagi ilichafukia kiwandani, na walioumia wengi walikuwa wagonjwa waliolazwa hospitali, kinga zao zilishashuka. Halafu listeria sifa yake kubwa ni kwamba anazaana hata kwenye friji. Kwa mfano wako mwenyewe friji isingemsaidia mtu.

Stafilokokasi hapo sina ubishi. Mikono ioshwe.

#11 NesiWaZamu
Kwenye friji anazaana polepole. Nje anakimbia. Tusidanganyane.

#12 FundiMajokofu
Mimi natengeneza majokofu mtaani. Niwaambie kitu mnachokipita. Jokofu la nyumba nyingi hapa mjini halina baridi mnayoifikiria. Mtoto anafungua kila baada ya dakika kumi kuchukua maji, raba ya mlango imelegea, umeme unaenda unarudi. Umeme ukikatika, jokofu ambalo hamjalifungua linashika ubaridi kama masaa manne. Baada ya hapo una kabati la bei ghali.

Na siagi wengi mnaiweka mlangoni, pale kwenye kijisanduku chenye kifuniko. Pale ndipo penye joto kuliko sehemu zote za jokofu, na waliotengeneza wanajua, wamepaacha hivyo ili siagi isiwe jiwe. Mama mkwe na waliotengeneza jokofu wanafikiri jambo moja.

La mwisho. Siagi ya baridi ikitoka kwenye hewa ya Dar inatoka jasho. Yale matone juu yake ndiyo ukungu unayapenda. Dada, hiyo siagi yako inatoka inarudi, inatoka inarudi, kila siku. Bora ingekaa sehemu moja tu.

#13 kibatari
Kumbe vita yao ndiyo inayoiharibu siagi. Nimecheka mpaka abiria mwenzangu kaniangalia.

#14 mwokaji_Mbeya
Naoka keki za biashara, siagi naijua kwa kuishika. Swali langu kwa Maabara2, hizo siku mbili tatu ni za chumba kipi?

Mapishi ya Ulaya yanasema "siagi ya joto la chumba". Chumba chao ni nyuzi 18 mpaka 20. Mimi hapa Mbeya mwezi wa saba siagi mezani inakata kwa kisu kama sabuni, hata wiki nzima. Nilipokuwa naishi Dar, Kinondoni, mwezi wa pili saa nane mchana nilikuwa nakuta mafuta ya njano na maji chini. Siagi inalainika kwenye nyuzi ishirini na kitu, ikifika 32 mpaka 35 imeyeyuka kabisa, na hiyo thelathini na mbili Dar ni mchana wa kawaida.

Sasa ikishayeyuka, vile vitone vyako vinakwenda wapi? Vinaungana vinashuka chini. Hapo lile dimbwi ulilosema halipo, lipo.

#15 Maabara2
Hapo umenikamata. Ikishayeyuka na kutengana, hesabu yangu ya vitone haina kazi tena. Hata ikiganda upya hairudi kama ilivyokuwa. Chumvi inabaki kwenye maji lakini ule ulinzi mwingine umeondoka.

Mapendekezo ya Marekani, idara yao ya kilimo, ni siku moja mpaka mbili nje, na wanasema wazi sababu yao ni ladha kuchacha. Nao wanawazia nyumba zao, si Tabata.

#16 Mzee wa Kondoa
Vijana mnahangaika. Sisi tumekulia kwenye ng'ombe. Mama alikuwa anatikisa kibuyu asubuhi, siagi inatoka, inaoshwa kwa maji mpaka maji yawe meupe safi, inawekwa kwenye kibuyu kingine, inaning'inizwa. Inakaa miezi. Friji ilikuwa inasikika redioni tu.

#17 Mnyalukolo
Mzee shikamoo. Miezi mingapi? Na mlikuwa mnaila hivyo hivyo au mnaichemsha?

#18 Mzee wa Kondoa
Marahaba. Nyingine ilichemshwa.

#19 BintWete_Muscat
Haya, sasa mzee kasema ukweli wake kwa sauti ndogo. Hiyo iliyochemshwa si siagi tena, ni samli, na samli ni jambo jingine kabisa. Ukiiweka siagi motoni moto mdogo, maji yote yanakwenda na mvuke, mavi ya maziwa (samahanini, nyumbani ndivyo bibi alivyoyaita) yanatuama chini yanakuwa ya hudhurungi, unachuja kwa kitambaa. Hapo hakuna maji, hakuna sukari ya maziwa, hakuna cha mdudu kula. Kilo ya siagi inakupa kama gramu mia nane, unailipa kwa uzito lakini unapata miezi. Huku Oman samli wanaichemsha na viungo, inakaa kabatini na joto lote hili la nyuzi arubaini na zaidi. Pemba bibi alikuwa nayo kwenye chupa nyuma ya mlango.

Mtu asitolee ushahidi wa samli kwenye kesi ya siagi.

#20 MwanaHuye
Ngoja niwape ya huku Rwanda ili mzee wa Kondoa asionewe. Sisi tuna amavuta y'inka, siagi ya ng'ombe inayotikiswa kwenye kibuyu, igisabo. Haichemshwi. Inaachwa makusudi ikae mpaka inuke, na harufu ile ndiyo utamu wake. Kijiko kimoja kwenye maharage, mtaa mzima unajua kwenu leo mmekula nini. Wazee walijipaka mwilini pia. Kwa mizani ya Nesi ile imeharibika zamani. Kwa mizani ya bibi yangu ndiyo kwanza imeiva.

Nadhani wazungu wanaita kuchacha, sisi tunaita kukomaa.

#21 NesiWaZamu
MwanaHuye hiyo imetoka kwenye maziwa yaliyochachuka kwanza, si kweli? Maziwa mgando yana asidi, asidi inawazuia wadudu wengi. Siagi ya dukani nyingi inatokana na malai matamu, haina asidi hiyo. Msichanganye.

#22 MwanaHuye
Ndiyo, maziwa yanachachuka kwanza. Hapo nakubali. Lakini harufu siiachi.

#23 kamanda_wa_Ubungo
Mimi nilisahau siagi kwenye begi, miezi minane, nikaja kuila, na leo hii nipo na afya.

#24 Wa_Kayole
Hiyo ni chai bana. Miezi minane kwa begi, hata hilo begi lingekuwa limekaangika.

#25 Dublin255
Miezi minane? Mimi niko Ireland, hapa watu wakichimba udongo wa vinamasi, ule wanaoukausha na kuuwasha kama kuni, wanakuta siagi ya mababu. Mwaka 2016 kaunti ya Meath walikuta bonge la kilo kama kumi, likakadiriwa kuwa na miaka 2000. Bado linanuka siagi au jibini. Kule chini hakuna hewa, kuna baridi, kuna asidi, basi halijaoza.

Ninachotaka kusema, adui mkubwa wa mafuta ni hewa na mwanga. Siagi iliyoachwa wazi dirishani siku moja inachacha kuliko iliyofunikwa gizani siku nne. Mama mkwe anaifunika na anaiweka kabatini, gizani. Hapo yuko sahihi bila kusoma kitabu.

#26 kibatari
Miaka 2000. Kuna mkwe alirudi kutoka kazini akakuta haipo kwenye friji.

#27 Lyon_Mswahili
Wafaransa wana chombo cha udongo cha vipande viwili. Siagi unaishindilia kwenye kikombe, unakigeuza juu ya chombo chenye maji kidogo, maji yanazuia hewa. Mimi natumia hapa, siagi inakaa laini wiki nzima, maji unabadilisha kila siku mbili tatu. Nikampelekea dada yangu Mwananyamala kama zawadi. Siku ya pili kanipigia: siagi imedondoka ndani ya maji, inaelea.

#28 mwokaji_Mbeya
Nimewaambia. Chumba kipi.

#29 Mnyalukolo
Dodoma kuna watu wanatumia vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga wa maji, juu kitambaa kibichi. Wazo alilitangaza mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, akapata tuzo ya Rolex mwaka 2000. Maji yakikauka kwenye mchanga yanachukua joto, ndani panapoa. Nyanya zinakaa wiki kadhaa badala ya siku chache. Kwa siagi sijui kwa nini watu hawajaribu.

#30 FundiMajokofu
Mnyalukolo, Dodoma sawa, hewa kavu. Dar usijaribu, hewa yenyewe imeshashiba maji, chungu kitakaa kibichi tu bila kupoa. Nguo zenyewe mwezi wa nne hazikauki, sembuse mchanga.

#31 MkeWaFundi
Nawasoma wote, asanteni. Nimeenda kuangalia pakiti kama alivyosema Wa_Kayole. Imeandikwa "isiyo na chumvi". Mume wangu ana presha ndiyo maana tunanunua hiyo. Hili linabadilisha kitu?

#32 NesiWaZamu
LINABADILISHA. Nilijua kuna kitu.

#33 Maabara2
Dada hili ungelisema mwanzo. Futa hesabu yangu ya bahari. Isiyo na chumvi inabaki na ulinzi wa vitone tu, na kwa joto la Tabata hata huo mwokaji ameshauondoa. Hiyo iwe kwenye friji. Utoe ya kula leo peke yake.

#34 Dublin255
Hata hivyo huku watu wanaacha isiyo na chumvi mezani siku mbili na hawafi.

#35 mwokaji_Mbeya
CHUMBA KIPI.

#36 Bi_Tanga
Mimi nawashangaa wote hamjagusa kisu. Siagi ya nyumbani haiharibiwi na joto wala chumvi, inaharibiwa na kisu. Mtoto kapaka mkate, makombo kayarudisha humo, kisu kimepita kwenye jamu, kimepita kwenye yai. Kwangu ukungu wote niliowahi kuuona ulianzia kwenye kombo la mkate, hata siagi ikiwa ndani ya friji. Tangu nianze kukata kipande cha siku na kukiweka kwenye kisahani, kubwa likabaki limefungwa, sijatupa tena.

#37 Wa_Kayole
Bi Tanga heshima. Kwetu kisu cha siagi ndicho cha kukatia kitunguu.

#38 Mjukuu_wa_Mangi
Natoka Machame, nimtetee mama wa watu. Kule juu usiku wa mwezi wa saba unalala na blanketi mbili. Siagi kabatini kule ni sawa na siagi ndani ya friji ya Tabata yenye raba mbovu. Mama hajakosea, amehama tu na kabati lake.

#39 kibatari
Hii ya kuhama na kabati nimeipenda. Lakini dada hajatuambia, mtoto ameshaumwa au hajaumwa?

#40 MkeWaFundi
Hajaumwa. Aliharisha wiki ya kwanza lakini alikuwa anaota meno ya nyuma, na alikula embe bichi kwa jirani.

#41 NesiWaZamu
Meno hayaharishi, dada. Hilo ni uzi mwingine.

#42 Mzee wa Kondoa
Meno yanaharisha. Nimelea tisa.

#43 Mnyalukolo
Tusiende huko jamani. Nirudi kwenye majarini kidogo. Mnajua iligunduliwa na Mfaransa, Mège-Mouriès, mwaka 1869, kwa sababu Napoleon wa Tatu alitaka kitu cha bei nafuu badala ya siagi kwa ajili ya askari na maskini? Na ile ya kwanza ilitengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe, wala si mimea. Kwa hiyo ng'ombe alihusika, Wa_Kayole.

#44 Wa_Kayole
Nilisema ya kwetu ya duka, si ya Napoleon.

#45 BintWete_Muscat
Mkwe mwenzangu, nikushauri kitu ambacho hakitamwudhi mama. Mwombe akufundishe samli. Mwambie, "Mama, siagi ya mjini inayeyuka, nifundishe kuitengeneza samli kama ya kwenu." Yeye atafurahi, siagi itaacha kutembea, na wewe utapata ya kupikia pilau.

#46 Bi_Tanga
Na ya mtoto ya mkate?

#47 BintWete_Muscat
Samli kwenye mkate wa moto tupa kule siagi.

#48 mwokaji_Mbeya
Kwenye keki lakini samli haikupi kitu, siagi lazima iwe na maji yake na iwe laini siyo mafuta. Nasema tu asije akageuza yote.

#49 MkeWaFundi
Wakuu mrejesho. Sikufanikiwa hata kuomba. Jana usiku nilikuwa naongea na mume wangu chumbani kuhusu huu uzi, nadhani sauti ilivuka ukuta. Nimeamka nimekuta sufuria imeoshwa, na pakiti zote tatu za siagi hazipo. Zimekuwa samli, chupa moja na nusu, safi, ya njano, inanukia mpaka barazani. Mama amekaa anakunywa chai, ananiambia, "Nimekumalizia shughuli." Nimesema asante mama.

Mtoto kapaka kwenye mkate kala vipande vitatu.

Sasa swali la mwisho. Hiyo samli kaiweka kwenye friji. Niiache au niitoe?

#50 FundiMajokofu
Itoe.

#51 NesiWaZamu
Iache.